Papa Repeta Aliyeturudilisha Dozi

Hakuna mwanafunzi aliyekwenda kwake kwa kupenda. Ulipelekwa. Kila Jumatatu asubuhi masera, mtawa aliyesimamia shule, alibandika karatasi kwenye mlango wa chumba cha kulia, na ukiona jina lako pale ulijua mambo yamekwisha. Kuanzia siku hiyo, saa nane mchana, wenzako wakienda kucheza mpira au kujinyoosha vitandani, wewe utashuka nyuma ya wodi ya wanawake mpaka chumba ambacho zamani kilikuwa cha kufulia mashuka. Ndani mlikuwa na mabirika mawili ya saruji yasiyo na maji, ubao mweusi ulioegemezwa ukutani, mabenchi manne, na yeye.

Kwa Kifaransa kazi yake iliitwa répétiteur, mtu wa kurudilia masomo pamoja na wale wanaobaki nyuma. Sisi wa shule ya uuguzi ya hospitali ya Bukavu tulikuwa na haraka na maneno marefu, tukamwita Papa Repeta. Mbele yake tulisema Papa tu.

Mimi nilipelekwa mwaka wangu wa kwanza kwa sababu ya hesabu. Nilitoka upande wa Mwenga, nimesoma misheni, najua katekisimu yote na vitenzi vya Kifaransa hata vile vya ovyo. Lakini ukiniwekea virgule, ile alama ya desimali, katikati ya namba, kichwa kilizima kama taa. Sikuona tofauti kubwa kati ya sifuri moja na sifuri mbili. Kwangu sifuri ilikuwa ni sifuri.

Alikuwa mtu mfupi wa shingo nene. Koti lake jeupe lilikuwa limefuliwa mpaka likawa jepesi kama chandarua. Kiatu chake cha kulia alikikata upande kwa wembe ili kidole gumba kilichovimba kipate nafasi. Kalamu ya risasi ilikaa nyuma ya sikio. Sikuwahi kumwona ameketi ndani ya chumba kile. Alitembea kutoka birika moja hadi jingine, akigeuka mahali palepale kila mara, mpaka sakafu ikawa na mstari wa rangi nyingine.

Siku yangu ya kwanza aliniuliza ni gramu ngapi za dawa zimo katika chupa aliyoinyanyua.

"Karibu gramu mbili, Papa," nikasema.

Alisimama. "Karibu?"

"Ndiyo, Papa."

"Karibu ni neno ya kupokea bageni. Weye uko unapokea mugeni hapa?"

Wenzangu walicheka. Yeye hakucheka. Alinifanya nikae juu ya ukingo wa birika mpaka nipate namba, na niliipata wakati kengele ya saa kumi na moja inalia. Alitazama kaye, lile daftari langu la mistari, akasema, "Sasa unaweza kwenda kukula." Hilo ndilo lilikuwa jambo zuri kuliko yote aliyoweza kumwambia mtu.

Namba alizifundisha kwa ulimi. Alipanga vikombe vitano vya bati, kila kimoja na maji ya chumvi ya kipimo chake, akatufunga macho kwa bendeji na kutuonjesha. Ulipaswa kusema kipi ni gramu tisa kwa lita, ile seramu tunayowatilia wagonjwa waliokauka. Ukikosea, unaanza upya, na baada ya mara ya nne mdomo wako ulikuwa kama umelamba ukuta. "Ile ya gramu tisa ni ya machozi," alisema. "Lia kidogo, onja. Hautaisahau." Kijana mmoja alilia kweli, kwa hasira, akaonja, akapata. Kesho yake Papa Repeta alimfuata tena na vikombe vilevile, ili aone kama bado anajua.

Mdomo wake ulikuwa mbaya. Aliwaita wanafunzi vichwa vya mihogo, magunia, wachungaji waliopotea njia. Lakini usipotokea siku mbili, Jumapili baada ya misa ungemwona akipanda vilima vya Kadutu na kile kiatu chake kilichokatwa, akiuliza nyumba kwa nyumba mahali unapolala. Alinijia hivyo nilipokuwa na homa. Hakuniletea chakula wala kunipa pole. Alisimama mlangoni akaniuliza dalili tatu za upungufu wa maji mwilini, nikazitaja nikitetemeka, akaenda zake.

Shule ilikuwa na mifupa ya mtu mzima iliyoning'inizwa kwenye chuma. Tuliifanyia mzaha, tukaivalisha kofia. Siku aliyotukuta hivyo hakutukana. Aliivua kofia, akatuita karibu, akaweka kidole juu ya pingili za mgongo, chini ya shingo. Zilikuwa zimebanwa, ncha zake zimesagika.

"Muliona hii?" akauliza. "Huyu mutu alibeba. Alibeba miaka. Mizigo ya nani, siyui. Alikuya mu hii lopitali na miguu yake mwenyewe, na hakuna mutu alikuya kumutafuta." Kisha akatufundisha pingili zote moja baada ya moja, na kila alipotaka kuugeuza mfupa alisema kwanza, kwa sauti ya chini, "Pole, baba."

Tangu hapo hatukuivalisha kitu.

Yeye mwenyewe hakuwa na diploma. Alikuwa amezunguka msitu wa Shabunda na madaktari wa malale tangu ujana wake, akichoma sindano migongoni mwa watu na kutazama maji ya mgongo ndani ya hadubini. Waganga vijana kutoka Ubelgiji walimwita pembeni wawe na hakika ya kile wanachokiona. Lakini shule ilipofunguliwa aliambiwa umri wake umepita. Basi mwaka hadi mwaka alitayarisha watu wengine kwa karatasi ambayo yeye hakuruhusiwa kuitafuta. Siku ya mtihani wa mdomo alivaa tai, akasimama nje chini ya dirisha, na waliokuwa ndani walisema waliona kichwa chake kikitikisika kila jibu lilipotoka.

Mtihani huo ulikuwa mbele ya wazungu watatu, na alitufundisha hata namna ya kuwatazama.

"Ukiangalia chini, watasema hauyui. Ukibaangalia mu macho, watasema uko na kichwa nguvu. Angalia tai. Tai haina hasira."

Na hapo ndipo nilipoanza kumwona mtu mwenye sehemu mbili. Kwa sababu mtu huyohuyo, karibu kila wiki, alisimamisha somo akatuambia hivi: "Ukiona dozi mubaya, sema. Hata kama ni miye niliandika. Hata kama ni Munganga mukubwa. Mugonjwa yeye hayui, hana namna ya kujitetea. Weye njo mudomo yake." Tuliandika hayo kwenye kaye kama tulivyoandika mengine. Lakini daktari akipita tu mlangoni, Papa Repeta alirudi nyuma mpaka mgongo uguse ukuta, akaitoa kalamu nyuma ya sikio kama mtu anayevua kofia, akasema "Oui, docteur" kwa sauti ambayo hatukuijua.

Kati yetu alikuwapo Anselme, mtoto wa wakulima wa upande wa Walungu. Alikuwa na mikono mizuri kuliko yeyote shuleni. Aliweza kupata mshipa wa mtoto mchanga mara ya kwanza, na mama asijue kama sindano imeingia. Tatizo lake lilikuwa Kifaransa. Akikisema mbele ya mzungu alikigugumia, neno moja mara tatu. Ndiyo maana alikuwa katika chumba cha kufulia pamoja nami miaka yote mitatu. Papa Repeta alimtukana Anselme zaidi yetu wote, na sote tulielewa maana yake.

Majuma machache kabla ya mtihani wa mwisho tulikuwa katika wodi ya watoto asubuhi, wanafunzi sita, tukimfuata daktari aliyekuwa amefika Bukavu mwaka uleule. Kitanda cha saba kililaliwa na msichana wa miaka miwili aliyekuwa akihara damu. Mama yake, mwanamke wa Cimpunda, alikaa sakafuni ameshika mguu mmoja wa kitanda, kana kwamba kingeweza kuondoka. Tulimpima mtoto: kilo kumi kamili. Daktari akaandika emetini, akataja dozi, akasogea kitanda cha nane.

Emetini ni dawa inayoua vijidudu vya tumbo, na ukiizidisha inasimamisha moyo. Kwa mtoto yule ilitakiwa sentigramu moja, robo ya ampule, kile kichupa cha dawa ya sindano. Karatasi ilisema gramu sifuri, virgule, moja. Desigramu. Mara kumi.

Anselme ndiye aliyekuwa akitayarisha sindano. Alivunja ampule ya kwanza, akavunja ya pili, akaichukua ya tatu, akaishikilia. Nilimwona akirudi kusoma karatasi.

"Docteur," akasema kwa Kifaransa, "na... na... nafikiri virgule."

"Virgule gani?"

"Ni ampule mbili na nusu, docteur. Kwa mtoto. Nafikiri virgule imekaa vibaya."

Uso wa daktari ukawa mwekundu. Masera alikuwapo, wanafunzi tulikuwapo, akina mama walikuwa wamegeuza vichwa. "Nani aliyekufundisha hesabu?" akauliza.

Anselme akamtaja Papa Repeta.

Akaitwa. Alikuja upesi, chaki bado mikononi. Daktari akampa karatasi na kumwambia ahesabu mbele ya kila mtu, kisha akatugeukia sisi: nasi tuhesabu. Nilifungua kaye. Wakati huo virgule haikunitisha tena, yeye mwenyewe alikuwa ameiondoa hofu ile kichwani mwangu. Nilipata sifuri, virgule, sifuri, moja. Nikarudia, ikatoka vilevile. Papa Repeta alipita mbele yetu akielekea dirishani na ile karatasi, na nilipoinua macho nilikutana na mgongo wake.

Alikaa dirishani muda mrefu. Hesabu ile kwake ilikuwa ya kufumba na kufumbua. Aliporudi aliirudisha karatasi kwa mikono miwili.

"Le docteur a raison," akasema.

Daktari yuko sawa.

Anselme aliambiwa avue koti palepale. Alilikunja vizuri, likawa pembe nne, akaliweka juu ya meza ya dawa. Kabla ya kutoka alinitazama mimi, si Papa Repeta. Alijua mimi nahesabu vizuri.

Kisha daktari akaninyooshea kidole. "Wewe. Choma."

Nilifunga kaye. Nilivunja ampule ya tatu. Dawa ilikuwa nyingi kwa paja moja la mtoto, ikabidi nigawe sehemu mbili. Mama yake alimshika miguu akimwambia, "Vumilia, mama, iko kwisha." Nilipomaliza alinitazama kutoka sakafuni.

"Aksanti, munganga," akasema.

Mtoto alikufa kesho yake adhuhuri. Wapo watakaosema kuhara kule kungemuua hata hivyo, na mimi mwenyewe nimeyasema hayo kwa miaka mingi.

Siku ya pili yake, saa nane, Papa Repeta alikuwa chumbani kwake kama kawaida. Alitembea kutoka birika hadi birika. Alifundisha vidonda vya moto. Hakuna aliyemwuliza neno. Lakini lile somo lake la kusema unapoona dozi mbaya hakulirudia tena, na nilingoja kila wiki nione kama atalirudia. Wanafunzi walimchukia. Mimi nilimchukia kuliko wote. Kumchukia yeye kulinipumzisha.

Nilishinda mtihani. Wazungu watatu waliniuliza juu ya vidonda vya moto na juu ya uzazi, nami nikatazama tai. Anselme, tulisikia, alikuwa kwenye machimbo ya dhahabu huko kwetu Mwenga, anasukuma vigari vya mawe.

Nilipewa dispensari Shabunda. Kazi ilikuwa nyingi na nilikuwa peke yangu. Mwaka wa pili, nilipopata likizo, watu walikuwa wameanza kusema uhuru waziwazi, na Bukavu niliikuta imejaa maneno. Niliambiwa Papa Repeta ameacha kazi, moyo wake umechoka, anakaa kwa binti yake huko Kasha, juu ya Bagira. Siku tatu nilijizungusha mjini nikitafuta visingizio. Siku ya nne nilipanda.

Nilimkuta uani ameketi, na jambo hilo tu lilinishtua, kumwona ameketi. Miguu yake ilikuwa imevimba mpaka magotini. Ukiibonyeza ngozi, shimo lingebaki. Hakuhitaji mtu wa kumweleza maana yake.

"Shabunda bako na emetini?" akauliza, hata kabla ya salamu kwisha.

"Iko kidogo, Papa."

Binti yake alileta maji, akarudi jikoni. Nilikuwa nimepanga maneno njiani, mengine ya kumlaumu, mengine ya kujilaumu. Yote yaliniponyoka, nikasema tu, "Papa, siku ile nilihesabu."

"Niliona."

"Uliona nini?"

"Kaye yako. Nilipita mbele yako, niliona. Sifuri, virgule, sifuri, moja." Alipumua, akangoja pumzi nyingine ije. "Unayua nilisikia nini mu roho? Furaha. Miaka mitatu weye haukuwa unaona virgule, na siku ile uliiona. Nilikwenda pa dirisha na ile furaha. Mutoto iko palepale anakufa, na miye niko nafurahi ju ya mwanafunzi wangu. Kisha nikarudi nikasema uongo."

"Ju ya nini, Papa?"

"Woga." Alilisema bila kulipamba. "Nilikuwa na woga wa ule muzungu. Nilitafuta sababu ingine ya muzuri, siku mingi. Hakuna."

Nikamwuliza kama amewahi kumwona yule mama. Akasema amekwenda Cimpunda mara tatu, wakati miguu bado inamkubali. Mara zote tatu alifika kwenye bomba la maji lililo chini ya nyumba yake, akageuka.

"Twende leo," nikasema.

Alinitazama. Kisha akaita binti yake amletee koti.

Safari ile ilitumaliza. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi na udongo ulishika viatu. Kila hatua ishirini alisimama, akaniegemea, ziwa likiwa chini yetu upande wa Ibanda pamoja na nyumba nyeupe za wazungu, naye hakulitazama. Tulipofika kwenye bomba alipunguza mwendo, nikamshika mkono, tukapita.

Mwanamke alikuwa mlangoni anachagua maharage kwenye lungo. Alitutambua papo hapo. Alimtazama yeye, akanitazama mimi, na macho yake yakashuka mpaka mikono yangu.

"Mama," Papa Repeta akaanza, amesimama, anahema. "Tumekuya kukuambia kintu ya mutoto wako. Dawa ilikuwa mingi. Miye nilijua, na nilisema iko sawa."

"Na mimi nilijua," nikasema. "Nami ndiye niliyemchoma."

Hakuacha kuchagua maharage. "Ule kijana wa kugugumia alikuya hapa," akasema. "Siku tulizika. Alilia hapa, mu hii mulango. Aliniambia yote. Nyinyi munakuya leo."

Akaweka lungo chini.

"Mutoto wangu alikuwa naitwa nani?"

Aliniuliza mimi, kwa sababu macho yake yalikuwa juu yangu. Nilijua kitanda cha saba. Nilijua kilo kumi. Nilijua dozi, iliyotakiwa na niliyoichoma. Nilifungua mdomo na hakuna jina lililotoka.

"Nabintu," akasema Papa Repeta. "Nabintu. Niliandika miye mwenyewe mu kitabu ya batu balikufa."

Mwanamke akainuka, akaingia ndani, akatoka na kiti kimoja cha mbao. Alikiweka karibu na mzee, akakijaribu kwa mkono kama hakiyumbi.

"Ikala, Papa," akasema.

Akarudi kwenye maharage yake. Mimi nilibaki nimesimama.